Majani ya Ngazi ya Juu

Chungu cha Nusrat hakikupoa. Mambo yalianzia hapo, na Mokhta ndiye aliyeyaona kwanza, maana kazi ya kumwaga majivu asubuhi hakuwahi kumwachia mtu tangu alipoolewa katika nyumba ile.

Majani yakishaanguka mjini Srinagar, kila mtu hutembea na moto wake. Ni kangri, chungu kidogo kilichosukiwa kikapu. Unakijaza makaa, unakiingiza ndani ya kanzu yako pana ya sufu, unaingiza na mikono, na hata asiyekula anaonekana ana kitambi. Makaa ya jioni hayafiki alfajiri, hayajapata kufika. Asubuhi ile Mokhta alimwaga chungu chake, baridi. Akamwaga cha mwanawe Shaukati, baridi. Akatia kidole katika cha mkwewe Nusrat, akakitoa upesi na kukiweka mdomoni.

Akamuuliza kama aliamka usiku kuongeza makaa.

"Sijaongeza, mama. Tangu juzi sijaongeza."

"Tangu juzi," alisema Mokhta. "Basi waambie na majirani, waache kukata kuni."

Nusrat hakucheka. Alinyoosha mikono akitaka chungu chake, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya miaka saba ya ndoa. Katika miaka yote saba Mokhta hakumtukana mkwewe hata mara moja. Alimtazama tu, na wanawake wanajua kutazamwa ni nini. Mimba ilipoingia aliacha kumtazama vile, akaanza kumpa utandu wa maziwa na kipande kinono cha nyama. Mjukuu yule alikuwa wake kuliko alivyokuwa wa wenye mimba.

Sasa hayo makaa yalitoka wapi. Shaukati kazi yake ni kuzungusha wageni kwa gari: bustani za wafalme wa Kimoghuli, Nishat na Shalimar, kisha mlima wa Shankaracharya wenye hekalu kileleni, na mwisho Pari Mahal, yale magofu ya ngazi ngazi yaliyokaa juu ya ziwa, ambako wageni hupiga picha mpaka simu zinazima. Jina lake maana yake ni jumba la majini wa kike, na wenyeji hawakulichagua kwa mzaha. Jumapili moja wageni walikuwa wamekwisha, gari limelala, Nusrat akatamani maji ya chemchemi ya Chashma Shahi. Wakaenda watatu, na birika la chai ya chumvi na mikate. Walipokwisha kunywa maji, Mokhta akasema twendeni na juu, Pari Mahal, kijana anyooshe miguu. Kijana gani, hakusema. Ndani ya buti ya gari alikuwa ameshaweka magunia mawili.

Alitaka majani ya chinari. Mti ule majani yake yana vidole vitano kama kiganja, na ukiyachoma na kuyanyunyizia maji kabla hayajawa majivu, unapata makaa ya bure ya majira yote ya baridi. Kila mama wa Srinagar anafanya hivyo. Nusrat na Shaukati walibaki chini kwenye matao wakitazama ziwa, Mokhta akapanda na magunia yake. Mtunza bustani, mzee mmoja aitwaye Sula, mwenye ufagio mkononi, alimkuta.

"Chukua ya chini yote, dada," alimwambia. "Lile rundo la ngazi ya juu liache."

"La nani?"

"Si langu. Mimi nalifagia, nalirundika, nakwenda zangu. Hata baba yangu alifanya hivyo."

Mokhta aliyatazama majani ya chini, yamelowa umande, yanateleza. Akatazama rundo la juu, jekundu, kavu, utadhani mvua haijawahi kulijua. Akamngoja mzee. Adhuhuri ilipoadhiniwa, mzee akaenda kutandika mkeka wake, na wakati ameinama sijida, Mokhta, ambaye swala tano hazimpiti, alijaza magunia yote mawili.

Aliyachoma uani. Majani mengine yakichomwa husagika, haya yalibaki mazima, meusi, kila jani kiganja kilichofunguliwa. Nyumba nzima ilikuwa bado na makaa ya zamani. Yale mazuri mapya Mokhta aliyatia kwenye chungu cha Nusrat peke yake, kwa ajili ya mjukuu.

Basi siku ya nne Nusrat aliacha kukiweka chungu chini. Alikula nacho, na alikula kidogo. Alikwenda nacho chooni. Shaukati alidhani ni mambo ya mimba, na wanaume kila wasichokielewa wanakiita mambo ya mimba. Siku ya tano nyumba ilianza kunuka moshi uliomwagiwa maji, harufu ile ile ya uani, lakini ilikuja saa nne asubuhi jua likiwa dirishani na hakuna anayechoma kitu. Siku ya sita Mokhta alikuwa akikata tufaha za kukausha, akasikia juu, kwenye chumba cha mbao walichokifunga kwa baridi, mtu anafagia majani. Alifagia polepole, kutoka ukuta hadi ukuta, akafika juu ya kichwa cha Nusrat aliyekaa chini akiota moto, akasimama.

Nusrat aliinua uso akatabasamu.

"Unatabasamia nini?" Mokhta aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mtoto ametulia, mama. Alikuwa akinipiga mateke. Sasa anaimbiwa."

Mokhta aliweka kisu chini. Alimwomba Nusrat akubali kuoshwa mgongo, maana maji yalikuwa ya moto, na hiyo ilikuwa hila tu ya kumvua kanzu. Wanawake wengi pale wana alama za kuungua tumboni kwa sababu ya vyungu, nyekundu, kama nyavu. Hakushtushwa na kuona alama. Lakini hizi zilikuwa viganja, vya vidole vitano vitano, vimepangana kuzunguka tumbo lote kama watu waliozunguka sahani moja, na alipokuwa akivitazama, akiwa ameshika kata ya maji mkononi na mvuke ukimpanda usoni, kimoja kati yake, kile kilichokuwa karibu na kitovu, kilijifunga taratibu kikawa ngumi, kikafunguka tena. Alipoweka mkono wake mwenyewe juu ya tumbo lile kumtafuta mjukuu, hakupigwa teke.

Hiyo hiyo adhuhuri Shaukati alimleta Pir Kasim, tabibu wa vitabu anayekaa chini ya kilima cha ngome, mtu mwembamba asiyependa maneno. Alitia kwenye moto mbegu za harmali, za kufukuzia majini, zikalia pa pa pa, moshi ukajaa chumba. Akatazama ndani ya chungu cha Nusrat bila kukigusa.

"Haya majani aliyakusanya nani?"

Mokhta alijibu kwamba walikwenda wote, kwamba ni majani kama majani, kila mtu huokota.

"Hamkukatazwa?"

"Nani atukataze?"

Shaukati alikuwa pale, ndiyo sababu ya uongo ule. Mwanawe hakuwa amewahi kumsikia akisema nimekosa, na hakutaka aanze siku ile. Pir alisoma, akapuliza, makaa yakawa meusi. Nusrat akalia kidogo na kulala. Tabibu alivaa viatu vyake akatoka na Shaukati kumsindikiza hadi kichochoro.

Mlango ulipofungwa tu, makaa yaliwaka yenyewe.

Nusrat alikuwa bado amelala, macho yamefumbwa, lakini kanzu yake iliinuka tumboni kama mtu aliyekaa ndani anajinyoosha, na mwanga mwekundu ulipita katika nyuzi za sufu, na midomo yake ikafunguka ikatoa sauti ya mzee mwanamume, ile sauti kavu ya Sula mwenye ufagio, neno kwa neno, pamoja na kikohozi chake, "Chukua ya chini yote, dada, lile rundo la ngazi ya juu liache," kisha ikanyamaza, kisha juu kwenye mbao mfagio ukaanza tena, si mmoja sasa bali mingi, inakuja kutoka pembe zote inakusanya, inakusanya, ikielekea pale pale alipolala Nusrat.

"Mwachie mtoto," Mokhta alinong'ona.

Ikamjibu kwa sauti ya mkwewe, kwa upole mkubwa. "Si ulituleta kwa ajili yake?"

Maneno ya Sula hakuna aliyeyasikia siku ile kule bustanini ila Mokhta. Angeweza kuyanyamazia hata sasa. Mokhta alisimama mlangoni na mkono kwenye komeo kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka. Halafu alitoka mbio bila viatu, akawakuta kichochoroni, akasema yote mbele ya mwanawe: rundo, katazo, na mzee aliyekuwa ameinama sijida.

Shaukati alimtazama. Yale macho Mokhta aliyajua, ndiyo aliyomtazama nayo mkwewe miaka saba.

"Ulimpa Nusrat," alisema. "Ukijua."

"Nilidhani ni maneno ya wazee."

"Na wewe mama, si mzee?"

Pir aliwakatiza. Alisema kisomo hakishiki juu ya uongo, amechoka bure. Aliyeokota ndiye arudishe. Akirudishe chungu kikiwa hai, ndani ya nguo yake, pale pale rundo lilipokuwa, na njiani asikiweke chini wala asimpe mtu. "Na wenye rundo hawatatoka kwa binti kwa kufukuzwa. Wamepata joto. Watatoka wakikaribishwa kwingine. Atakayewapokea awapokee kweli, asiwadanganye, maana wanajua."

Mokhta alirudi ndani akapiga magoti mbele ya mkwewe. Alifungua kanzu yake.

"Njooni kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewachukua."

Vidole vya Nusrat vilikiachia chungu, kimoja kimoja.

Shaukati aliendesha gari kando ya ziwa, na mama yake nyuma, amekikumbatia chungu. Kilikuwa kizito kama gunia la mchele. Kilimsemesha njia nzima, mara kwa sauti ya marehemu mume wake kikisema umechoka, weka chini, mara kwa sauti ya mtoto mchanga ambayo hakuwahi kuisikia na aliijua. Akazidi kukikumbatia. Kwenye lango la Pari Mahal wageni hupekuliwa, na siku hizi mtu mwenye kitu ndani ya kanzu hapiti hivi hivi. Askari wa kike alimwita.

"Mama, toa hicho, weka hapa kwenye benchi."

"Siwezi, mwanangu."

"Kila mtu anaweka."

"Nikikiweka, utakiokota wewe. Na wewe bado kijana." Akafungua kanzu amwonyeshe.

Askari aliinama akatazama. Alikaa ameinama hivyo kitambo, kisha akajinyoosha, akafuta mikono yake kwenye suruali ingawa hakuwa amegusa kitu, akampungia apite.

Ngazi alizipanda peke yake, nyonga zikimlia, jua limeshuka juu ya ziwa na matao yamekuwa meusi, na kila alipokanyaga aliwasikia nyuma yake wakifagia nyayo zake, na aliposimama wakasimama, na ile sauti ya mtoto ikawa haiombi tena bali inacheka, karibu kabisa, chini ya mbavu zake, kama mtu aliyefika nyumbani. Sula alikuwa ngazi ya juu, na ufagio wake.

"Nilikwambia," alisema mzee.

"Uliniambia."

Alimwaga. Yakatoka majivu, kijivu, mepesi, upepo ukayachukua. Hata cheche moja haikutoka. Mokhta alifurahi, akadhani yamekwisha. Mzee Sula alitazama majivu, akamtazama Mokhta tumboni, akasogea hatua moja nyuma.

Alipofika kwenye gari, Shaukati alikuwa na simu sikioni na machozi yanamtoka. Uchungu umemshika Nusrat, jirani yuko naye, mtoto anapiga mateke kama punda.

Alizaliwa msichana, mzima, mwenye kelele. Walimwita Mehnaz. Walipika wali wa manjano wakaugawa mlangoni kwa shukrani, na Shaukati akaanza tena kusema na mama yake, maneno mafupi.

Ikaja ile baridi kali ya kila mwaka, ya siku arobaini, ziwa likaganda kingoni, mabomba yakaganda. Kila mtu ndani ya nyumba alitembea na chungu chake. Mokhta hakuwa nacho. Akiulizwa alisema uzee umemkausha, hasikii baridi. Alioga peke yake, mlango umefungwa. Hakuna aliyeona kiganja kimoja chenye vidole vitano karibu na kitovu chake, wala namna kinavyojifunga na kufunguka.

Mtoto alilia sana, mikononi kwa huyu na mikononi kwa yule. Akipitishwa karibu na bibi yake ananyamaza papo hapo, anageuza kichwa, ananyoosha mikono.

"Mpokee basi, mama," Nusrat alisema siku moja. "Anakutaka wewe. Hujambeba hata mara moja."

"Mpeni mama yake."

"Umengoja miaka saba."

"Nimesema mpeni mama yake. Sitaki kumzoesha."

Majirani walisema bibi kizee ana roho ngumu, alitaka mvulana. Mokhta aliwaacha waseme. Alihamisha mto wake akakaa mbali na wote, dirishani, mahali penye ubaridi kuliko pote. Nje theluji ililala kwenye kizingiti cha dirisha urefu wote, nene, nyeupe. Upande wake tu haikulala. Ilikuwa inadondoka maji.