Pembe ya Baba na Baruti ya Kurwa

Ndugu zangu wa Quionga, na nyinyi wa Palma, nimechoka kuieleza habari hii. Naieleza tena kwa sababu naona bado hamjaisikia.

Mdogo wangu Abibo alikuwa mshona kofia. Baada ya sala ya adhuhuri hukaa barazani akidarizi, na mkewe Zainabo hupepeta mchele karibu yake, wakitaniana. Wateja walimjia kutoka Palma na hata ng'ambo ya Ruvuma. Mimi, Chamima, dada yake mkubwa, shamba langu limepakana na lao, na kila nilipopita nilipenda kukaa pale kidogo nipumzike.

Mwaka ule kazi za mradi wa gesi wa Palma zilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Vijana wetu walihamia Palma kusubiri kazi ambazo wengi wao hawakuzipata, mashamba tukaachiwa sisi. Zamani mpunga ukianza kuiva, kila dungu la kulindia shamba lina mtu wa kupiga debe na kelele, na nguruwe mwitu wanakwenda zao. Mwaka ule madungu yalikuwa matupu. Ukipiga debe peke yako, nguruwe anakutazama tu, halafu anaendelea kula.

Basi macho yote yakamgeukia Abibo, kwa kuwa ndiye aliyerithi bunduki ya marehemu baba pamoja na kibali chake. Risasi za dukani zilipatikana mji wa Pemba wa huku kwetu Msumbiji, tena mbali, kwa bei ya kuumiza. Baba alizoea kujaza zake mwenyewe: huyaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, huyatia fataki mpya, baruti na gololi. Kipimo chake cha baruti kilikuwa kipande cha pembe ya paa. Maisha yake yote alitumia baruti ya aina moja, ile nyeusi yenye moshi mzito, na pembe ile aliikata kwa ajili ya hiyo. Abibo alimwona akijaza, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kujaza hata moja.

Baruti ya baba ilikuwa imekwisha. Kurwa, mfanyabiashara wa upande wa Tanzania anayetuletea vitenge na sabuni, akaleta nyingine ndani ya chupa ya mayonezi. Ilikuwa ya kijivu, vipande vidogo bapa. Chupa haikuwa na jina la baruti wala la aliyeitengeneza.

"Hii mbona si kama ile ya mzee?" Zainabo akauliza.

"Shemeji, baruti ni baruti," Kurwa akamjibu, huku akifunga mzigo wake. "Hii ndiyo ya kisasa. Jaza pembe ile ile, utanishukuru."

Abibo hakuwa mjinga. Alimpigia simu mzee Sufo wa Palma, aliyekuwa akiwinda na baba. Nilikuwepo, nilisikia, maana mzee Sufo husema kwa sauti kubwa kana kwamba simu ni kiziwi.

"Jina lake nani, hiyo baruti?"

"Sijui, baba. Imo ndani ya chupa tu."

"Basi huna kipimo! Kipimo hutolewa na aliyeitengeneza, kwa baruti yake na kwa aina ya risasi unayojaza. Pembe ya baba yako haiijui hiyo. Ya kisasa kidogo tu ina nguvu kuliko pembe nzima ya ile nyeusi. Mwaga, mwanangu. Ijumaa nakuja na risasi za dukani."

"Epa, baba, Ijumaa mpunga utakuwa umekwisha!"

"Utapanda mwingine. Mwaga."

Abibo aliiweka simu chini, akatutazama. Kwa macho yangu niliona amekwisha kuchagua. Alikuwa na majibu mawili, na akalishika lile lililomkubalia kufanya alichotaka. "Wazee woga mwingi," alisema. "Baba alijaza kwa pembe hii miaka yote, lini ilimdhuru?"

"Baba alijua alichokuwa anatia," nilimwambia.

"Na mimi nimejua, dada. Nimemwona."

Zainabo alimshika mkono, akamwomba angoje. Alicheka, akamwita mama wa hofu. Kesho yake alikaa pale pale barazani, akajaza pembe hadi ukingoni, ganda moja baada ya jingine, kwa uangalifu ule ule wa kudarizi kofia.

Alasiri nguruwe waliingia. Sote tulikuwa shambani. Abibo alipiga goti, akalenga, akapiga. Nimesikia bunduki ile tangu utotoni, na mlio ule haukuwa wake. Moshi ulipoondoka alikuwa amelala chali, bunduki imepasuka karibu na mahali pa kutilia risasi, na Zainabo alikuwa anakimbia akipiga mayowe.

Jirani yetu Germano alimbeba kwa pikipiki yake mpaka Palma, tukamfuata na wenye nguvu wote wa mtaa. Hapo shamba halikubaki na mtu. Tuliporudi, nguruwe walikuwa wameula mpunga wake na wangu, wakaukanyaga uliobaki.

Mkono wa kulia wa Abibo ni mzima, na sindano unaishika. Vidole vya kushoto, vile vilivyokuwa vikishika kofia, havipo. Sasa Zainabo humshikia kofia naye akatia sindano. Mara nyingine kofia humteleza Zainabo na uzi huenda upande. Hawataniani tena, wanashona tu. Naumia kuwatazama, na nimepunguza kupita pale.

Juzi nilipita. Nikamkuta Mamudo, kijana wa mtaa wa pili, amesimama mbele yao na bunduki ya mjomba wake begani.

"Shikamoo kaka Abibo. Nimekuja kuazima ile pembe ya mzee. Kurwa kaniletea baruti."

Abibo aliinama. Zainabo aliiweka kofia chini, akauinua mkono wa kushoto wa mumewe, akaunyoosha mbele ya Mamudo.

"Haya," alisema. "Pima."

FUNZO

Ndugu zangu, kipimo hakirithiwi kama kofia. Baruti usiyoijua jina usiitie ndani ya ganda, hata kama umeletewa na rafiki na hata kama nguruwe wako mlangoni. Anayeanza atafute maelezo ya aliyeitengeneza, yawe ya baruti hiyo na ya risasi hiyo hiyo, aanzie kipimo cha chini kilichoandikwa, na awe na mjuzi pembeni. Asipoyapata, asijaze. Na ukiuliza watu wawili, usimfuate yule aliyekufurahisha.

Tena turudini kwenye madungu. Tungekuwa wengi shambani mwaka ule, debe lingetosha, na mdogo wangu angekuwa anashona kofia peke yake.