Kinyamazishi cha Ghorofa ya Kumi na Mbili

Kioo kilipojifunga, mngurumo wa Dodoma ulizimika ghafla, kana kwamba jiji zima limezama majini. Nje, magari-ruka yaliendelea kupita kwa mamia mbele ya dirisha la ghorofa ya kumi na mbili, lakini sasa yalielea bila sauti, kama samaki.

"Hiyo ndiyo kazi ya kinyamazishi," mhandisi Sikudhani aliwaeleza wazazi wake.

Dirisha la zamani hakuligusa. Alikuwa amepachika kioo cha pili kwa ndani, akaacha kati ya vioo hivyo viwili nafasi ya hewa yenye upana wa kiganja. Kelele iliyopenya kioo cha kwanza ilidhoofika humo. Iliyobaki ilipokewa na nyuzi nyembamba ndani ya kioo cha pili, zikatetemeka kinyume chake hadi ikafa.

Mama yake, Bi Tabu, hakungoja maelezo yaishe. Tangu njia ya magari-ruka ifunguliwe, miaka miwili iliyopita, usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu, na moyo ulimwenda mbio hadi daktari akaonya. Alijilaza kwenye kochi saa nne asubuhi, akaamka alasiri.

Baba yake, Mzee Bakuza, aliyepoteza macho miaka tisa nyuma, alitabasamu tu. "Ahsante, mwanangu."

Wiki iliyofuata Sikudhani alirudi kukagua kazi yake. Mama alikuwa jikoni, uso umenawiri. Baba alikuwa dirishani, sikio amelibandika kwenye kioo.

"Shikamoo, baba. Unasikiliza nini?"

"Marahaba. Sisikii kitu. Zamani nilijua saa kwa milio ya magari. Ya wanafunzi yalikuja na vicheko. Ya sokoni yalikohoa. Siku hizi naamka, sijui hata kama jiji bado lipo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Mama yako analala. Namsikia akipumua. Miaka miwili sikuwahi kumsikia."

Sikudhani alikuwa amepima kila kitu katika nyumba ile, isipokuwa alichokihitaji baba yake. Akatoa bisibisi. "Nakiondoa."

"Usithubutu!"

Bi Tabu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, amesikia yote. Alifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa mumewe.

"Haya, Baba Siku. Linapita gari la njano. Ndani yumo bibi harusi. Shela imebanwa mlangoni, inapepea nje, na wenyewe hawana habari."

Mzee Bakuza aligeuza uso. "Na nyuma yake?"

"La mzigo wa nyanya. Limepunguza mwendo. Naona linaiogopa shela."

Mzee alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Enhe! Endelea, mke wangu."

Sikudhani aliweka bisibisi chini, akaketi sakafuni, naye akasikiliza.