Barua Kabla ya Wimbo

Robi alikuwa akianika mahindi huku redio ikiimba. Sauti ilikuwa ya Fanuel Obare, mwimbaji wa nyimbo za injili na za kantri. Sasa Obare ni gavana wa kaunti, lakini bado hubeba gitaa na kuvaa kofia yake pana.

Milka, mke wa Joash, mwanawe Robi, alikuwa na mimba ya miezi sita. Zahanati ya kijiji ilikuwa imefungwa tangu muuguzi alipohamishwa. Mtoto wa kwanza wa Milka alizaliwa njiani, wakienda hospitali ya Kehancha kwa pikipiki. Hakuishi.

"Gavana alikuja hapa mwezi uliopita," Milka alisema. "Mlimwambia nini, mama?"

Robi aligeuza mahindi. "Tulimwomba aimbe."

"Akaimba?"

"Nyimbo tatu. Kisha akaondoka."

Magige, mume wa Robi, alicheka. "Mama Joash alicheza mpaka kitambaa kikamwanguka."

Robi hakucheka. "Obare aliimba kwenye mazishi ya mama yangu, wala hatukuwa tumemwita. Nitaanzaje kumlalamikia?"

Alasiri, alimweleza hayo Mwalimu Nyatichi, anayefundisha darasa la watu wazima.

"Mwimbaji alikufariji, nawe umshukuru," mwalimu alisema. "Lakini gavana ni mtumishi wetu, na zahanati ni kazi ya kaunti. Kumweleza haja yako si kumtukana. Katiba inakupa haki hiyo."

"Nikimwambia, si atasahau?"

"Ndiyo maana utaandika. Taja shida, taja mnachotaka, weka tarehe, watu watie sahihi. Peleka nakala mbili kwa msimamizi wa wadi. Moja ibaki kwake. Nyingine igongwe muhuri, urudi nayo."

Robi aliandika kwa siku nne. Watu sitini na mmoja walitia sahihi. Wengine waliweka alama ya dole gumba.

Wiki tatu zilipita tangu apeleke barua, bila jibu. Kisha gavana akaja kufungua darasa jipya katika shule ya msingi. Watu walianza kupiga makofi wakitaka wimbo. Robi akasimama.

"Mheshimiwa, naomba usiimbe kwanza."

"Keti, Mama Joash, usituharibie siku," jirani yake alisema.

Robi aliisoma barua polepole, kidole kikifuata maneno. Alipofika sehemu ya mtoto aliyezaliwa njiani, aliinua macho akamtazama gavana.

"Barua hiyo hatujaiona," afisa mmoja alisema.

Robi alimwonyesha nakala. "Muhuri wenu ni huu. Tarehe ni hii."

Gavana aliutazama muhuri, akalaza gitaa kwenye kiti. "Mama, mbona hamkuniambia siku ile?"

"Tulikuwa tukicheza."

Gavana aliijibu barua kwa maandishi kabla ya wiki kwisha. Baadaye muuguzi mpya, Marcella, alifungua zahanati. Milka alijifungua humo mtoto wa kike, salama.

Gavana alipopita tena, alimkuta Robi na mjukuu wake kwenye foleni ya chanjo.

"Mama, leo umeniandikia nini?"

"Tangi la maji la zahanati linavuja. Barua iko kwa msimamizi." Robi alimpakata mtoto vizuri. "Sasa unaweza kuimba. Polepole tu, amelala."