Paa Lililoanguka Mezani

Asubuhi zetu pale mjini Salto zilianza kwa kumchemshia bibi maji ya chai yetu chungu iitwayo mate, kisha mbio shuleni. Jamani, natamani zile siku zirudi! Alhamisi ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu baada ya masomo Mwalimu Nélida alitufungulia chumba cha kompyuta.

Mwaka ule alitupa kazi ya kweli. Tulikuwa tunakula uani, na mvua ikinyesha supu iliongezeka sahanini. Wazazi walikubali kujenga paa, ila mchoro utoke kwetu. Kundi la mwenzetu mmoja darasani, Washington, lilitaka mabati ya kawaida. Mimi na binamu yangu Rubén tulitaka paa la matofali lililopinda, kama yale ya maghala ya machungwa mjini kwetu.

Hatukuchora kwa mkono. Tuliiandikia kompyuta maagizo, hatua kwa hatua: anzia ukutani, panda kidogo, songa mbele, rudia mpaka ukuta wa pili. Ukibadilisha tarakimu moja tu, paa zima linajikunja upya. Nilikuwa nacheka peke yangu kama ninayetekenywa. Mwishowe mashine ikatukatia vipande vya kadibodi, kila kimoja na nambari yake, tuviunge viwe mfano.

Siku moja kabla ya wazazi kuja kuchagua paa, tukauunga mezani. Ukaanguka. Tukarudia, ukaanguka tena.

"Paa gani hilo, limekaliwa na ng'ombe?" Washington akacheka. "Kesho patakuwa na kazi!"

Alipotoka, Rubén akaninong'oneza, "Zulma, tuweke kijiti katikati, tukipake rangi. Nani atajua?"

Moyo ulinituma nikubali, maana nililitaka paa lile mno. Lakini akilini nikamwona mdogo wangu Leticia ameketi chini ya matofali ya kweli.

"Likimwangukia mtoto je?" nikamjibu. "Twende kwa mwalimu."

Mwalimu Nélida hakutukaripia. "Kompyuta haina kiburi wala huruma," alisema. "Inafanya ulichoiambia, basi. Haya, leo kompyuta ni ninyi."

Akachora mistari sakafuni kwa chaki. Mimi nikasoma maagizo kwa sauti, Rubén akayatembea. Nikasoma la kwanza: "Hatua sifuri, simama ukutani."

"Kipande cha sifuri kiko wapi?" mwalimu akauliza.

"Nilikitupa," alisema Rubén. "Sifuri si kitu, Mwalimu!"

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi. "Weee! Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Umeutupa mguu wa paa, mwanangu!"

Tukafukua pipa la taka, tukakipata kimelowa majani ya chai ya mate. Tukaunga upya. Mwalimu akaweka chungwa juu yake, paa halikutikisika. Tulirukaruka kama wendawazimu.

Wazazi walilichagua letu, wakalijenga kwa matofali. Mvua ya kwanza ilipokuja tulikula pale wakavu, na Washington akaomba kuongezewa supu. Mwalimu Nélida, ambaye sasa ni marehemu, alikaa kati yetu na kusema:

"Mngelishikiza kwa ujanja, wazazi wangewapigia makofi, na leo mimi ningeogopa kuwaketisha hapa. Wanangu, kosa ulilolitafuta mpaka ukalipata halikuaibishi. Ogopeni kosa mnalolifunika, maana kuna mtu ataketi chini yake."