Kura Moja ya Mtaa wa Anhai

Mtu wa kwanza kumpigia baba yangu kura alikuwa mimi. Saa mbili kamili asubuhi milango ya ukumbi wa hekalu inafunguliwa, mimi hapo, kitambulisho mkono huu, muhuri wa jina, ule wa kugonga badala ya saini, mkono huu, nywele nimechana. Muulize yeyote hapa Anhai. Au usimuulize mtu, niamini tu, maana hadithi hii si yangu. Ni ya dada yangu Jou-an na kijana wa Hualien anayeitwa Tseng Po-yen. Mimi nimo humu kama pilipili kwenye supu.

Walikutana Januari, siku moja kabla ya uchaguzi wa rais, kwenye ukumbi wa stesheni kuu ya Taipei. Mwanafunzi anaweza kukaa Taipei mwaka mzima, lakini jina lake limeandikishwa nyumbani kwa wazazi, na kura yake iko huko huko. Siku ile nusu ya vijana wa mji walikuwa wanarudi makwao, wamejaa sakafuni pale, kila mmoja na begi lake na boksi la keki za nanasi. Dada alivaa koti la rangi ya haradali na skafu nyekundu aliyofumiwa na mama, ndefu kama foleni ya choo cha stesheni. Mapajani alikuwa na kitabu cha sheria ya katiba, kizito kama tofali. Treni ya Tainan ilipotangazwa akainuka kwa kasi. Mwili ukaenda, shingo ikabaki.

"Kaka, umekalia shingo yangu."

Kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa gundi pembeni akatazama chini yake. "Samahani. Nilidhani ni zulia la serikali."

"Serikali gani inafuma mazulia ya sufu?"

"Hii tunayoisomea. Wewe si unakaa safu ya tatu kwa Profesa Liao? Mwaka wa pili huu, hujawahi kunisalimu."

"Wewe unakaa safu gani?"

"Ya mwisho. Huko tunaona visogo tu. Chako nakijua vizuri."

Treni ikamwacha. Akapanda iliyofuata, akasimama zaidi ya saa nne mpaka Tainan, na muda wote huo kidole gumba hakikutulia kwenye simu. Alipofika nyumbani mama akamuuliza anacheka nini. Akasema anasoma katiba.

Haya yote nayajuaje? Chumba changu na cha dada vimetenganishwa na ubao mmoja mwembamba, na mimi nina masikio mawili yasiyo na kazi. Kila likizo nilisikia simu zao, maana dada huziweka kwenye spika. Yeye alimwita dada "Waziri". Dada alimwita "Upinzani". Wapenzi wengine wanaitana asali, hawa walikuwa wanaitana kwa vyeo.

"Waziri wangu, umekula?"

"Upinzani haupaswi kuhoji mambo ya ndani ya serikali."

"Bajeti ya chakula ni haki ya wananchi kuijua."

"Nimekula tambi za nyama. Na nimekukumbuka, usiiandike kwenye ripoti."

Siku walipopangiwa mdahalo darasani, mada ilikuwa kama mtu aruhusiwe kupiga kura mahali anapoishi badala ya mahali alipoandikishwa. Dada upande huu, Po-yen upande ule. Dada alimshinda vibaya. Baadaye wakiwa wanakula uji wa mchele nje ya lango la chuo akamwambia, "Uliniachia."

"Sikukuachia. Ulikuwa umevaa ile blauzi ya kijani. Hoja ya tatu ilinipotea."

Mwaka Mpya alikuja Tainan kututembelea. Baba, fundi pikipiki mwenye mikono isiyotakata hata kwa mafuta ya taa, alimpenda siku hiyohiyo, kwa sababu kijana alishika tochi saa nzima bila kulalamika. Mimi nikampeleka kwenye bwawa la ndani la kuvulia kamba. Unalipia kwa saa, unapewa kifimbo chenye ndoana, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unavua, unachoma kwa chumvi, unakula palepale. Nikikaa pale, jua lizame lisizame, halinihusu.

"Shemeji," nikamwambia, "miaka minne mnasomea serikali, hamjui hata kumchomoa kamba kwenye ndoana."

"Nifundishe basi. Chuoni hatuna somo hili."

Nikamfundisha. Nikamwonyesha jinsi ndoana inavyoacha tundu dogo mdomoni, na kwamba kamba wa sokoni hana tundu hilo. Laiti ningenyamaza.

Mwaka waliomaliza chuo, baba aliamua kugombea uenyekiti wa mtaa. Sababu ilikuwa mtaro. Mtaro wa uchochoro wetu ulikuwa wazi tangu mimi mtoto, na mama aliteleza hapo akavunjika nyonga. Mzee Yeh wa duka la dawa, mwenyekiti wa miaka kumi na miwili, alikuja hospitali na matunda, akasema suala linashughulikiwa. Baba akala yale matunda, akaenda kuchukua fomu.

Julai, nikiwa nimelala upande wangu wa ubao, nikasikia simu hii.

"Upinzani, nina ombi dogo."

"Serikali haijawahi kuwa na ombi dogo."

"Hamisha uandikishaji wako uje kwetu. Sheria inataka miezi minne kabla. Mwisho ni wiki ijayo. Ni karatasi moja tu."

Kwenye spika nikasikia kiti kikisogezwa.

"Jou-an, hicho ndicho nilichoandikia kurasa tisini za tasnifu."

"Najua. Mimi ndiye niliyekusahihishia nukta."

"Basi jina lake unalijua. Mpiga kura hewa. Wakinikamata nafungwa mimi, na ushindi wa baba unafutwa."

"Mzee Yeh ameingiza wapwa watano, wote anwani moja, chumba kimoja. Wanalala kwa zamu?"

"Ndiyo maana tunasomea mambo haya."

"Mume na mke hawaulizwi," dada akasema, na sauti ikashuka hata ikabidi niweke sikio kwenye ubao. "Ukinioa unahamia kwa mkeo. Halali kabisa."

"Unanichumbia au unahesabu kura?"

"Vyote viwili."

"Mimi nakitaka kimoja. Ngoja zihesabiwe, Waziri. Siku hiyohiyo nitakuja kwa baba, na sitakuja kwa ajili ya kura."

"Mama yangu anatembea na mkongojo, wewe unanisomea kurasa tisini. Usijisumbue kuja."

Akakata. Kisha nikasikia analia ndani ya mto, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na utani.

Hakujua alichofanya yule kijana. Aliomba kazi ya siku moja ya kusimamia kituo cha kura Tainan, na ofisi ya wilaya ikampangia ukumbi wa hekalu la Anhai. Alimwambia afisa kwamba anamfahamu binti wa mgombea. Afisa akacheka, akasema Tainan nzima inafahamiana. Kwa kazi hiyo Po-yen aliipoteza kura yake mwenyewe kule Hualien, ng'ambo ya milima, maana mtu hawezi kuwa sehemu mbili. Na tangu alipopata barua ya kazi hiyo hakupokea tena simu ya dada, ili asije mtu akasema kituo kimenunuliwa kwa mapenzi. Alimwandikia mstari mmoja: "Tuonane zikishahesabiwa." Dada akausoma kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa.

Jumamosi ya uchaguzi, dada alimshika mama mkono mpaka ukumbini. Alivaa ile blauzi ya kijani. Akanyoosha kitambulisho mezani na mkono uliokipokea ukawa wa Po-yen, shati jeupe, kitambaa cha msimamizi begani. Pembeni yake Mwalimu Hsieh, mstaafu aliyetufundisha wote hesabu, ameshika orodha ya majina.

"Gonga muhuri hapa, tafadhali," Po-yen akasema.

"Hapa?"

"Kwenye nafasi ya jina lako."

Miezi minne, na hayo ndiyo maneno yaliyotoka. Dada akagonga muhuri, akapiga kura, akarudi nyumbani akajifungia. Hakumwambia mtu. Ndiyo maana mimi nilipofika ukumbini saa kumi na dakika kumi alasiri, milango imefungwa kwa kura na kufunguliwa kwa kuhesabu, nikashtuka kumwona shemeji amesimama mbele. Mkononi nilikuwa na ndoo ya kamba.

Kwetu kura huhesabiwa mbele ya watu. Msimamizi anainua kila karatasi, anataja jina, mwenzake anachora mstari kwenye bango ukutani. Aliyepewa kazi ya kuinua alikuwa Po-yen. Dada aliposhuka kuja kusikiliza, akamkuta mpenzi wake anamtaja Yeh, Kuo, Kuo, Yeh, Yeh, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Baba, yaani huyo Kuo, alisimama karibu na mlango na suti ya harusi yake, imembana kwapani. Karatasi ya mwisho ikainuliwa.

"Yeh," Po-yen akasema. Akaishikilia juu karatasi ile hata mwenzake alipokwisha kuchora mstari.

Mia sita kumi na mbili kwa mia sita kumi na moja.

Jioni alikuja nyumbani, kama alivyoahidi. Mfuko wa koti lake ulivimba umbo la kiboksi kidogo. Baba akamwambia akae. Mezani kulikuwa na wali, samaki, na wale kamba, nimewachoma kwa chumvi. Nikasema nimewanunua sokoni, kuwaliwaza.

"Kura moja," dada akasema. Hakumtazama. "Jina lako lingekuwa hapa zingelingana. Zikilingana wanachomoa karatasi kwenye boksi, bahati nasibu. Baba angekuwa na nusu ya bahati. Ulimnyima hata hiyo nusu."

"Jou-an," baba akasema, "mwache kijana ale."

"Watu wote wa nyumba hii walikwenda. Mama alikwenda na mkongojo."

"Hata mimi," nikadakia, kwa sababu kila jicho lilikuwa linazunguka meza. "Saa mbili asubuhi. Wa kwanza kabisa."

Po-yen akanitazama. Akachukua kamba mmoja, akamgeuza, akamwangalia mdomoni. Akamenya polepole, ganda, miguu, kichwa, kisha akaiweka ile nyama kwenye bakuli langu.

"Ni kweli," akasema. "Kura moja ingetosha."

"Basi usinipigie simu tena," dada akasema.

Akainama mbele ya baba, akainama mbele ya mama, akavaa viatu mlangoni. Mfuko wa koti ulikuwa bado umevimba. Dada aliusikia mlango wa uchochoro ukifungwa, akaendelea kula wali mtupu.

Po-yen alifaulu mtihani wa utumishi wa umma, akapelekwa visiwani Kinmen. Mwaka jana alioa huko. Dada anafundisha uraia sekondari, hapa hapa Tainan, na akifika sura ya uchaguzi anawapa wanafunzi waisome wenyewe. Mtaro? Mzee Yeh aliufunika mwezi uliofuata uchaguzi. Kazi safi, siwezi kusema uongo.

Mwezi uliopita nilikuwa karakanani nawasimulia wateja. Nimefika palepale pazuri, saa mbili, muhuri, nywele nimechana. Mwalimu Hsieh alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasubiri breki zake, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"A-Tek," akasema, "wa kwanza alikuwa bibi Su muuza maua. Orodha ilikuwa mbele yangu."

"Mwalimu, umri huo, labda umesahau."

"Nafasi yako ilikuwa nyeupe mpaka saa kumi. Nisingesema, si mambo ya kusema, lakini mwaka wa tatu huu nakusikiliza. Yule kijana alikuwa anaitazama nafasi ile kila dakika. Saa tisa na nusu akaniuliza, mwalimu, hatuwezi kumpigia simu? Nikamwambia, wewe ndiye uliyesomea sheria hizi, unaniuliza mimi?"

Wateja wakacheka. Mimi pia nikaanza kucheka, kisha nikaona wanatazama nyuma yangu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na chakula cha mchana cha baba na changu. Sijui alikuwa hapo tangu neno gani. Akaingia, akaweka vyombo kwenye meza ya spana, akafungua changu, akanipa vijiti mkononi.

"A-Tek," akasema taratibu. "Wale kamba ulinunua kwa nani?"