Pampu Ndani ya Mfuko wa Sefu

Saa moja asubuhi umeme ulikatika tena mtaani Tshopo, Kisangani, na jenereta ya chumba cha baridi cha Mama Zaina ikakataa kuwaka. Mlinzi Amuri alifunua kifuniko, akakuta pampu ya dizeli, mazutu kama waitavyo hapa, imeng'olewa. Alfajiri jenereta hiyo hiyo ilikuwa inanguruma. Ndani, makatoni ya samaki yalianza kuchuruzika maji.

Inspekta Colette alishuka kwenye baiskeli ya abiria saa mbili. Mlangoni alimkuta Hubert, mkuu wa wafanyakazi, shati jeupe, viatu vinang'aa. Colette akatoa mkono. Hubert akampa kifundo cha mkono, huku maneno yakimtoka.

"Inspectrice, kazi imekwisha! Pampu tumeipata mu mufuko ya Sefu, ule fundi ya Kigoma. Mama Zaina amufukuze leo."

Sefu alikaa juu ya ndoo, uso umemsawajika. Colette alimsalimia yeye na Amuri. Wote wawili walimpa kiganja, safi.

"Ukifukuzwa, itakuwa nini?"

"Kibali changu cha kuishi hapa kimetolewa kwa kazi hii, afande. Kazi ikiisha, nacho kimekwisha. Nitaondoshwa mimi, mke wangu na mtoto wetu Ramla. Sasa niibe pampu, niifiche kwenye mfuko wangu mwenyewe?"

Colette alimpenda kwa swali hilo. Akamgeukia Amuri.

"Funguo ya jenereta iko na nani?"

"Iko na miye na Papa Hubert. Lakini alfajiri nililala, mama. Ata munifunge, nililala."

Mlinzi anayetaka kudanganya hasemi kwamba alilala kazini. Colette akamwacha, akaomba maji ya kunawa.

"Maji hakuna tangu jana," alisema Amuri. "Bomba zote zimekauka."

Colette akatabasamu, akamwita Hubert mbele ya Mama Zaina.

"Papa Hubert, leo ulifika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, toka ku nyumba. Ile machine sikuigusa. Miye niko mutu ya bureau."

"Alors, mbona ulinipa kifundo?"

Hubert alificha mkono nyuma. Kisangani nzima inajua: mwenye mkono mchafu hampi mtu kiganja, anampa kifundo. Hubert alilelewa vizuri mno. Adabu ikatangulia akili. Colette alimshika mkono, akaufungua. Weusi wa mazutu ulikuwa kwenye kucha na kwenye mistari ya kiganja, maana maji ya kunawa hayakuwapo. Njia ya mwongo ni fupi.

"Kisa nini?" aliuliza Mama Zaina.

Sefu ndiye aliyejibu. "Juzi nilimkuta akinyonya mazutu yako kwenye tangi. Nikamwambia aache, la sivyo nitakwambia."

"Eh, basi!" Hubert alifoka. "Ule iko mugeni! Kazi ikikufa, karatasi inakufa, anavuka mupaka. Nani tena angenishitaki?"

Colette aliona hasira ikimpanda kifuani. Kuiba mazutu ni wizi tu. Huyu alitaka serikali imfukuzie shahidi wake. Alimtia pingu bila kumjibu.

Mama Zaina alimsogelea Sefu, machozi yakimlengalenga. "Papa Ramla, unisamehe. Nilishaanza kumwamini Hubert."

Sefu alimpa mkono. Alitoa simu, akampigia mkewe.

"Khadija, hatuendi popote. Mpeleke Ramla shule."