Vidoa vya Mama Dobi

Mtaani kwetu hakuna doa lililowahi kumshinda Mama Dobi. Wino, kutu, mafuta ya gari, yote aliyang'oa. Tangu ujana wake alishinda uani, juani, mikono wazi, akifua na kuanika nguo za watu.

Basi alipoona vidoa vyeupe mikononi na miguuni, vidogo kama punje za mchele, hakuuliza mtu. Alichukua brashi ya kola akasugua. Havikutoka. Akatia dawa ya kung'arishia mashuka. Ngozi ikababuka, vidoa vikabaki palepale vikimtazama.

Hapo akaingiwa na hofu. Binti yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na bibi alimpenda mjukuu huyo kupita kiasi. Lakini sasa aliacha kumbeba. Alisingizia mgongo. Akawa anamchungulia mlangoni tu, mikono ameificha nyuma, roho inamuuma.

Binti alimbana mpaka akasema ukweli.

"Naogopa kumwambukiza mume wangu," alisema, akimaanisha mjukuu.

Jirani yao alikuwa muuguzi wa zahanati. Alipokuja kuchukua sare zake, binti akamweleza yote. Muuguzi alimwambia mama afumbe macho, akamgusa kwa pamba kwenye vidoa ili aone kama vimekufa ganzi. Mama aliuhisi kila mguso. Akaulizwa kama vinawasha, vinatoa magamba au vinapanuka. Akajibu hapana.

"Haviambukizi, mama," muuguzi alisema. "Vinakuja na umri, na jua la miaka mingi. Wengi tunavipata. Havina madhara, wala havihitaji dawa. Kilichokuumiza ni brashi yako."

"Kwa hiyo havitoki?"

"Havitoki. Wewe si shuka, mama."

Wote watatu walicheka. Muuguzi akamshauri apake mafuta ya mgando pale palipobabuka, na asiguse krimu za kung'arisha ngozi. Akianika nguo, avae shati la mikono mirefu. Doa likipoteza hisia, likiwasha au likizidi kukua, aende zahanati mapema.

Siku hizi Mama Dobi anafulia kivulini. Ngozi imepona. Vidoa bado vipo, tena vimeongezeka kidogo, na hana habari navyo. Jioni hunawa, hukunja mikono ya shati na kumdai mume wake. Binti akichelewa kumleta, atayasikia maneno. Na mtoto naye ameshaizoea mikono ile. Ukimtoa hapo ukamlaza kitandani, analia.